Ukurasa wa Dozi Usiofunguliwa

Hotuba hii niliitoa kwa wataalamu wa mionzi, madaktari na wauguzi kwenye maadhimisho ya Siku ya Radiografia Duniani. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi nilizokuwa nazo mkononi, na salamu ndefu za itifaki nimezipunguza.

Ndugu mwenyekiti, waganga wafawidhi, madaktari bingwa, wauguzi wetu, na wenzangu wa vyumba vya mionzi, habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa.

Kila tarehe 8 Novemba tunakutana kumkumbuka Wilhelm Röntgen na ugunduzi wake wa mwaka 1895 kule Würzburg, na kila mwaka lazima asimame mtu atusimulie habari za ile picha ya mkono wa mke wake, mifupa na pete. Mwaka huu naomba niiruke hadithi hiyo. Nataka kuzungumzia CT scan, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande kwa mionzi ya X, iliyokuja miaka 76 baada ya Röntgen, maana ndiyo inayotupa kazi nyingi kuliko zote hivi sasa, na ndiyo inayowamwagia wagonjwa wetu mionzi mingi kuliko vipimo vingine vingi tunavyofanya.

Mgonjwa wa kwanza alipigwa CT scan tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London, kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye wazo la hesabu za kujenga picha ya namna hii lilimjia akiwa anafanya kazi hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, miaka ya hamsini. Nalisema hili kwa sababu huwa tunaiongelea CT scan kama kitu tulicholetewa tu kwenye makasha, wakati mzizi wake mmoja uko Afrika hii hii.

Na makasha yamekuja kweli. Zile fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 za mwaka 2021 zilipangiwa kununua CT scan 29, na leo mwananchi wa mkoani hasafirishwi tena usiku kucha kwenda Dar es Salaam au Mwanza kupigwa picha ya kichwa. Hilo ni jambo jema na silitilii maji. Ila mashine ikishazoeleka, hutumika, na ikitumika sana, lazima mtu aulize inamwaga kiasi gani.

Sasa naomba tunyooshe mikono. Kila mgonjwa akimaliza, mashine inatengeneza ukurasa mmoja wa namba, ukurasa wa dozi, yaani kiasi cha mionzi iliyotumika. Unakaa mwisho kabisa wa mafaili ya picha. Nani kati yetu aliufungua wiki hii akausoma?

(Mikono ilinyooka, ila si mingi. Niliwashukuru waliosema kweli.)

Basi tuufungue pamoja. Chukua kipimo cha kichwa cha mtu mzima. Kuna safu imeandikwa CTDIvol, tuseme inasoma miligrei 60. Pembeni yake kuna DLP, tuseme 960. Namba ya kwanza inakuambia mionzi imemwagwa kwa ukali gani. Ya pili ni hiyo ya kwanza ikizidishwa na urefu uliopigwa, na hapa urefu ni sentimita 16. Ukitaka kukadiria dozi hiyo ina uzito gani kwa mwili, zidisha DLP kwa 0.0021 kama ni kichwa, 0.014 kama ni kifua, 0.015 kama ni tumbo. Jibu linakuja kwa milisiveti, kipimo cha uzito huo, na kichwa chetu kinatoa milisiveti 2 hivi. Kwa kulinganisha, mionzi ya asili, ya ardhini, ya angani, ya kwenye chakula na ya gesi ya radoni tunayoivuta, humpata mwanadamu kwa wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. X-ray moja ya kifua iliyopigwa vizuri ni kama 0.02.

Kwa hiyo kichwa hakitutishi sana. Twende tumboni.

Tuseme CTDIvol ni 15 na urefu ni sentimita 45. DLP ni 675, sawa na milisiveti 10 kwa makadirio. Hiyo ni awamu moja, yaani kumpitisha mgonjwa kwenye mionzi mara moja. Protokoli, ule mpangilio wa kipimo uliohifadhiwa kwenye mashine, ikiwa na awamu tatu, yaani bila kontrasti (dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani), kisha dawa ikiwa kwenye ateri, kisha ikiwa kwenye vena, unafika 30. Mwongoza mashine akianzia juu kidogo kwa usalama wake, kwenye chuchu badala ya juu ya ini, anaongeza sentimita 10. Mara 15, mara awamu tatu, ni DLP 450 nyingine, zaidi ya milisiveti 6 kwa eneo ambalo hakuna daktari aliyeliulizia na ambalo hata kwenye ripoti halitatajwa. Nimefanya hesabu hii mbele yenu kwa sababu watu wakisikia kupunguza dozi wanafikiria mashine mpya za mabilioni. Hapa hatujagusa mashine. Tumegusa mstari wa kijani kwenye skrini, ule unaoonyesha tuanzie wapi na tuishie wapi.

Kuna hospitali moja niliyotembelea, jina nitaliacha, ambako kila tumbo lilikuwa linapigwa awamu tatu. Kidole tumbo, awamu tatu. Jipu, awamu tatu. Mgonjwa wa saratani ya utumbo aliyekuja kuangaliwa maendeleo baada ya dawa, awamu tatu. Nikamuuliza kijana aliyekuwa kwenye kompyuta, "Mdogo wangu, kwa nini tatu?" Akanijibu kwa adabu kabisa: "Ndivyo alivyotuachia yule fundi wa kampuni, mzee." Fundi alikuja siku tatu kufunga mashine, akaweka protokoli zote ili kuwaonyesha uwezo wake, akapanda ndege. Hakumjua mgonjwa hata mmoja. Na yeye ndiye anayeamua dozi ya mkoa mzima hadi leo.

Kwa maumivu mengi ya tumbo awamu ya vena peke yake inatosha. Madaktari bingwa wa radiolojia mliopo mnalijua hili kuliko mimi. Sasa msinielewe vibaya mkaenda kufuta awamu zote. Mgonjwa mwenye homa ya ini B ambaye ultrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye ini anahitaji awamu ya ateri, anahitaji vena, anahitaji na ile ya kuchelewa, kwa sababu saratani ya ini hujulikana kwa namna inavyokunywa kontrasti mapema na kuitoa mapema. Ukimpunguzia huyo umemnyima jibu, na dozi aliyoipata yote imepotea bure. Mionzi mibaya kuliko yote ni ile iliyotumika na swali likabaki pale pale. Mwenye jiwe la figo, kwa upande mwingine, hahitaji kontrasti kabisa, na anaweza kupigwa kwa dozi ya chini sana, kwa sababu jiwe linang'aa lenyewe hata kwenye picha yenye chenga, zile punje punje zinazoichafua picha mionzi ikiwa kidogo.

Na hapa nataka tukae kidogo, kwenye chenga. Maana ugomvi wote wa chumba cha CT uko hapo. Mtaalamu wa mionzi anapunguza dozi, picha inatoka na chenga, daktari anapiga simu: "Picha gani hizi?" Kesho yake kijana anapandisha dozi, picha inatoka laini, simu haipigwi. Hajawahi kupigiwa simu na mtu kwa sababu dozi ilikuwa kubwa. Mfumo wetu wote wa lawama unamsukuma upande mmoja.

Lakini angalieni fizikia inasema nini. Ukipunguza dozi kwa nusu, chenga hazizidi mara mbili. Zinaongezeka kwa asilimia 41 hivi. Kwa jiwe la figo, kwa mapafu, kwa kuangalia sinasi, chenga hizo hazifichi kitu. Kwa kiharusi cha saa chache, ambapo daktari anatafuta tofauti ndogo sana kati ya sehemu mbili za ubongo, zinaficha. Hivyo swali la daktari ndilo linalopanga kiasi cha chenga kinachovumilika, na swali hilo liko kwenye fomu ya maombi. Fomu ikiandikwa "CT abdomen, pain" tu, kama ninavyoziona kila wiki, mtaalamu wa mionzi atafanya nini? Atapiga kila kitu, kwa dozi ya kila kitu. Madaktari wangu, naomba msinikasirikie: mistari miwili ya maelezo kwenye fomu inapunguza dozi kuliko programu yoyote ya kununua.

Tena kwa kuwa nimetaja programu. Mashine nyingi mpya zinakuja na programu ya kujenga picha kwa kurudiarudia hesabu, na nyingine zina akili mnemba, zote zikiwa na kazi ya kusafisha chenga. Wauzaji husema inapunguza dozi. Haipunguzi chochote. Inasafisha picha. Dozi inapungua pale tu wewe utakaposhusha mkondo wa umeme wa tyubu, ile inayotoa mionzi, ukijua kwamba programu itafuta chenga zitakazotokea. Ukiiwasha na kuacha kila kitu kama kilivyokuwa, mgonjwa anapata mionzi ile ile, ila daktari anapata picha nzuri zaidi ya kuweka kwenye simu.

Ule mfumo wa mashine kujipangia mkondo nao umetufanya tuwe wavivu. Tunasema mashine inajipimia yenyewe. Ni kweli, inajipimia kutokana na picha ya skauti, ile ya awali ya kupangia kipimo. Lakini tyubu ikiwa juu na wewe umepandisha kitanda mno, mgonjwa anakuwa karibu na tyubu, kivuli chake kinakuzwa, mashine inadhani amelala mtu mnene, inaongeza. Ukimshusha mno, inamwona mwembamba, inapunguza, na picha inajaa chenga. Mgonjwa anatakiwa awe katikati ya duara, juu na chini, kushoto na kulia, na taa za leza ziko pale kwa kazi hiyo. Mikono ipande juu ya kichwa unapopiga kifua na tumbo. Ikibaki ubavuni, mashine inaongeza nguvu ili ipenye mifupa ya mikono, na bado picha inatoka na michirizi. Najua mgonjwa wa ajali aliyevunjika bega hawezi. Nazungumzia wale wanaoweza, na ambao hakuna aliyewaambia.

Sasa nisimulie tukio la kwa wenzetu, maana lilitokea hospitali kubwa yenye kila kitu. Cedars-Sinai, Los Angeles, walikuwa wakipiga CT scan ya mtiririko wa damu kwenye ubongo kwa wagonjwa wanaohisiwa kuwa na kiharusi. Kuanzia mwaka 2008, baada ya mipangilio ya protokoli kubadilishwa, wagonjwa zaidi ya 200 walipigwa dozi mara nane ya iliyokusudiwa. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilieleza kwamba badala ya nusu grei walipata grei 3 hadi 4 kichwani. Hali iliendelea kwa miezi 18. Iligunduliwa mwaka 2009, baada ya mgonjwa kulalamika kwamba nywele zimemtoka. Walipochunguza hospitali nyingine wakakuta si Cedars peke yake, na FDA ikahitimisha kwamba mashine zenyewe hazikuwa na kasoro. Zingetumiwa kama mtengenezaji alivyoelekeza, wagonjwa wasingeungua.

Kinachoniuma katika kisa hicho ni kwamba mashine haikuficha kitu. Kila mgonjwa, kila siku, namba ilitokea kwenye skrini. Miezi 18. Watu wenye shahada, wenye bajeti, wenye mafundi sanifu wa fizikia tiba chini ya paa lile lile. Namba ilisomeka, ila haikusomwa.

California ilipitisha sheria mwaka 2010, ikaanza kutekelezwa Julai 2012: dozi ya CT scan iandikwe kwenye ripoti ya mgonjwa. Watengenezaji nao wakaongeza kengele: unaweka kiwango, mashine ikiona protokoli itavuka, inakuonya kabla hujabonyeza. Onyo kubwa linalopendekezwa ni CTDIvol ya miligrei 1,000. Ukirudi kazini kesho, ingia kwenye mipangilio uangalie kama kisanduku hicho kwenye mashine yako kina namba au kiko tupu. Kama mashine ni ya zamani na haina kengele, ujue kwamba kengele ni wewe.

Nije kwa watoto, na hapa nitaenda polepole.

Ile CTDIvol haijapimwa ndani ya mgonjwa. Imepimwa kwenye fantomu, gogo la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 16 kwa kichwa na 32 kwa kiwiliwili. Sasa mweke mtoto wa miaka mitano kitandani. Kiwiliwili chake kina kipenyo cha sentimita 18 hivi. Skrini inakuambia miligrei 10, kwa mujibu wa gogo la sentimita 32. Mwili mdogo hauna nyama ya kupunguza makali ya mionzi kabla haijafika ndani, kwa hiyo dozi halisi ya mtoto yule ni karibu mara mbili ya unachokisoma. Mtoto, ambaye ndiye tunayetaka kumlinda zaidi, ndiye ambaye skrini inamdanganyia zaidi. Angalieni chini ya ukurasa wa dozi, huwa imeandikwa ni fantomu ipi iliyotumika. Kama ni 32 na mgonjwa ni mtoto, fanya hesabu kichwani.

Dawa yake si ngumu. Protokoli za watoto zipangwe kwa uzito au unene, zisipangwe kwa umri tu. Kilovolti, zile zinazopanga nguvu ya mionzi ya kupenya, zishuke. Kutoka 120 kwenda 80, mkondo ukibaki ule ule, dozi inashuka kwa zaidi ya nusu, na mwili mdogo unapitisha kilovolti 80 bila shida. Na kontrasti inang'aa vizuri zaidi kwenye kilovolti za chini, kwa hiyo unapata faida mara ya pili. Kinachoshangaza ni kwamba bado nakuta watoto wanapigwa kwa protokoli ya mtu mzima kwa sababu ya watoto iko ukurasa wa pili wa menyu.

Je, hofu hii ina msingi? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa katika Lancet mwaka 2012 ulifuatilia vijana na watoto zaidi ya 178,000 waliopigwa CT scan, ukaona kwamba dozi za jumla za miligrei 50 hadi 60 ziliongeza hatari ya saratani ya damu na uvimbe wa ubongo karibu mara tatu. Vichwa vya habari vilisema mara tatu, na watu wakatetemeka. Lakini magonjwa haya kwa watoto ni machache sana kuanzia mwanzo. Waandishi wenyewe walikadiria kwamba kila watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 wakipigwa CT scan moja ya kichwa, ataongezeka mgonjwa mmoja wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo katika miaka 10 inayofuata. Utafiti wa Ulaya wa nchi tisa, uliochapishwa 2023 ukiwa na watu karibu milioni moja, umetoa picha inayofanana na hiyo.

Kwa hiyo mama akikuuliza mlangoni, na atakuuliza, kwa sababu siku hizi wamesoma kwenye simu, "Mwanangu hatapata saratani?", usimwambie "hakuna madhara kabisa, mama." Si kweli. Wala usimtishe akamchukua mtoto mwenye damu kichwani akarudi naye nyumbani. Mwambie hivi: "Mama, hatari ipo lakini ni ndogo sana, na daktari ameona kutojua kilichomo kichwani kwa mtoto ni hatari kubwa zaidi. Nimeweka mashine kwenye kipimo cha watoto." Sentensi ya mwisho iwe kweli.

Ila mara nyingine jibu sahihi ni kutompiga kabisa. Mtoto kaanguka kwenye bodaboda iliyokuwa inasimama, kalia papo hapo, hajazimia, hatapiki, anacheza na stetoskopu ya daktari. Baba anasema, "Nimeshalipia, mpige." Hapa daktari anahitaji kitu cha kushika mkononi, na kipo. Kanuni za PECARN, mtandao wa utafiti wa dharura za watoto wa Marekani, zilichapishwa mwaka 2009, kutokana na watoto zaidi ya 42,000 waliopata ajali za kichwa Amerika Kaskazini. Kwa mtoto wa miaka miwili na kuendelea: fahamu zake ziko sawa, hakuzimia, hatapiki, ajali haikuwa ya nguvu kubwa, hana dalili za kuvunjika fuvu upande wa chini, kichwa hakimuumi sana. Akiwa safi kwa yote hayo, uwezekano wa kuwa na jeraha kubwa la ubongo ni chini ya asilimia 0.05. Chini ya miaka miwili kuna orodha yao nyingine. Anayestahili hapo ni kuangaliwa kwa saa chache wodini na maelezo mazuri kwa baba. Naelewa kwamba wodi zimejaa, na CT scan inachukua dakika tano. Hiyo ndiyo sababu halisi ya picha nyingi za vichwa vya watoto, na haiandikwi kwenye fomu yoyote.

Sasa aproni, yale mavazi ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi. Wengi wetu tulifundishwa kufunika: risasi juu ya nyonga, risasi juu ya tumbo la mjamzito, hata wakati unapiga kichwa. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia tiba wa Marekani kilitoa tamko kwamba kufunika viungo vya uzazi na mimba kwa mazoea kukomeshwe. Kwenye CT scan sababu ni rahisi kuiona. Mionzi inayoifikia nyonga wakati unapiga kichwa inatoka zaidi ndani ya mwili wenyewe, na aproni ya nje haiizuii. Na aproni ikiingia kwenye eneo linalopigwa, mashine inakutana na risasi, inaongeza nguvu ili ipenye. Umemfunika mgonjwa na umempandishia dozi. Bado nakutana na wakaguzi wanaouliza "aproni ya mgonjwa iko wapi?" kabla hawajauliza namba yoyote. Wagonjwa nao wameshazoea, na ukimwondolea bila maelezo anaona umemdharau. Kwa hiyo eleza.

Na mjamzito, kwa kuwa swali hili huja kila mara: kichwa cha mjamzito kikipigwa, dozi inayofika kwa mtoto tumboni ni ndogo mno. Tumbo na nyonga ni jambo jingine, miligrei kama 25 kwa awamu moja. Hata hapo, Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, ICRP, imesema tangu mwaka 2000 kwamba dozi ya chini ya miligrei 100 si sababu ya kutoa mimba. Kama mama ana damu inavuja tumboni baada ya ajali, mpigeni, awamu moja, na msichelewe kwa kubishana.

Niseme la sheria kidogo. Sisi wafanyakazi tuna kikomo, wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na beji zetu za kupimia mionzi zinapelekwa kusomwa. Mgonjwa hana kikomo. Hakuna sheria duniani inayosema mgonjwa asivuke kiasi fulani, na ni sawa, kwa sababu anayehitaji picha lazima aipate. Kilichopo kwa ajili yake ni viwango elekezi vya dozi. Ni kama bei elekezi ya sukari: anayeuza juu yake huulizwa sababu. Unachukua namba za hospitali nyingi kwa kipimo kimoja, unazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, unaweka alama pale robo tatu ya hospitali zinapoishia. Aliye juu ya alama hajavunja sheria. Anatakiwa ajieleze, kwanza kwa nafsi yake.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana viwango vyao. Marekani, kwa mfano, ilitumia CTDIvol ya 75 kwa kichwa na 25 kwa tumbo la mtu mzima kama viwango vya rejea. Tukivichukua kama vilivyo tunajidanganya kidogo, kwa sababu unene wa watu ni tofauti. Mmarekani wa wastani akiwa na tumbo la CTDIvol 25 haimaanishi mkulima wetu mwembamba apate 25. Kwake, 25 ni nyingi. Tunahitaji za kwetu, na utafiti wa kwetu haujaanza leo: mwaka 2006 watafiti wa Tanzania walichapisha dozi za CT scan za hospitali za hapa nchini, wakahitimisha kwamba zingeweza kushuka sana kwa kuchagua vizuri mipangilio kulingana na mgonjwa na swali la daktari. Mashine za wakati ule nyingi zimeshakufa. Hitimisho lile liko hai.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Hapo mlangoni kuna fomu ya ukurasa mmoja. Haina jina la mgonjwa wala namba ya faili. Ina umri, uzito, kipimo, sababu ya kipimo, idadi ya awamu, kilovolti, CTDIvol, DLP na fantomu iliyotumika. Uzito upimwe, usikadiriwe kwa macho, na kama hamna mizani chumba cha CT, wodi ya watoto wanayo. ICRP inapendekeza wagonjwa 20 au zaidi kwa kila kipimo. Tuanze na vipimo viwili tu, kichwa cha mtu mzima na tumbo la mtu mzima, wagonjwa 20 kila kimoja, wa mfululizo. Msichague wazuri. Kwa mahali penye wagonjwa wengi hiyo ni kazi ya wiki moja.

Watoto tutawafanya awamu ya pili, kwa sababu lazima tuwagawe kwa uzito na kila hospitali peke yake haitafikisha idadi. Hapo tutachanganya namba za mkoa mzima.

Tafuta namba ya katikati ya hizo 20, yaani zipange kuanzia ndogo hadi kubwa uchukue nusu ya njia kati ya ile ya kumi na ile ya kumi na moja. Usiniletee wastani, maana mgonjwa mmoja mnene anauvuta. Namba hiyo ya katikati itumwe kwa mratibu wa kanda, na jina la hospitali litabaki kwa mratibu. Mwenye namba kubwa hatatangazwa. Atapigiwa simu na mtu mmoja, tutafungua protokoli zake kwenye skrini, tutaangalia awamu ngapi, tumeanzia wapi, tumeishia wapi, kilovolti ngapi. Mwenye namba ndogo sana naye atapigiwa, kwa sababu huenda picha zake hazisomeki na daktari wake amechoka kulalamika.

Wale mlio na mashine zisizotoa ukurasa wa dozi kabisa, bakini kidogo baada ya chai. Nina daftari na njia ya kukokotoa kutoka kwenye mipangilio ya mashine. Asanteni kwa kunisikiliza.